Niasini: Vitamini Isiyojulikana Sana na Mlo wa Mkulima wa Mahindi



Mkaguzi wa vyama vya ushirika hutarajiwa aandike juu ya vitabu vya hesabu, mizani, stakabadhi na akiba ya ghala. Hatarajiwi kuandika juu ya ngozi na matumbo ya watu. Hata hivyo nimeomba nafasi katika taarifa hii nieleze habari za vitamini moja iitwayo niasini, kwa sababu kutoijua kwangu kulinifanya niandike ripoti isiyo ya haki juu ya mtu mwaminifu, na ripoti ile ilikuwa na saini yangu.

Ilikuwa mwezi Februari, miaka michache iliyopita, wakati wa kukusanya maharage ya msimu wa kwanza. Nilikwenda kukagua chama kimoja kilicho kando ya barabara itokayo Kasulu kuelekea Kibondo, si mbali na Makere. Jina lake sitalitaja. Karani wa mizani wa chama hicho nilimfahamu kwa miaka mingi kuwa mtu wa mwandiko safi na hesabu zisizopinda. Siku hiyo mambo yalikuwa mengine. Huku kwetu Buha salamu si maneno matupu, huenda pamoja na makofi, na mtu asiyepiga makofi amekosa adabu au ana kinyongo. Nilimpigia makofi, naye hakunirudishia. Alikunja mikono kifuani akatazama chini.

Nilifungua kitabu cha mapokezi. Mwanachama mmoja alikuwa ameandikwa mara mbili, mwingine hakuandikwa kabisa, na jumla za kurasa tatu hazikulingana na mzigo uliokuwamo ghalani. Tofauti ilikuwa kilo 214. Nilipomwuliza alijibu kwa ukali, kisha akalia, kisha akasahau nilichouliza. Asubuhi ile alitoka mizani mara tano kwenda nyuma ya ghala. Mimi niliandika hivi: "Huacha kituo chake cha kazi mara kwa mara bila ruhusa." Niliona pia kwamba mikono yake ilikuwa myeusi na yenye magamba mpaka kwenye vifundo, kana kwamba amevaa glavu, nikadhani ni mbolea ya chumvichumvi iliyomchoma. Jambo hilo sikuliandika, maana sikuona kwamba linahusika.

Bodi ilipokea ripoti yangu ikamsimamisha kazi. Majirani walikwisha kuamua kwamba amerogwa. Dada yake ndiye aliyempeleka kituo cha afya, na huko akakutana na afisa tabibu wa makamo ambaye, kwa namna alivyonisimulia baadaye, hakuanza kwa kuuliza panapouma. Aliuliza, "Unakula nini?" Jibu lilikuwa ugali wa mahindi asubuhi, ugali wa mahindi jioni, mchicha kidogo na chai ya rangi. Mtu huyu alikuwa mjane. Tangu mwezi Septemba alikuwa akitumia dawa za kifua kikuu, na kwa sababu ya ugonjwa huo hakupanda maharage msimu ule. Kutwa nzima alipima maharage ya wenzake na nyumbani kwake hamkuwa na kibaba kimoja.

Ugonjwa wake huitwa pelagra. Sababu yake ni upungufu wa niasini.

Wengi wetu tumesikia habari za vitamini A na vitamini C. Juu ya vitamini B husemwa tu kwamba ipo, nayo huchukuliwa kana kwamba ni moja. Kwa kweli ni kundi zima. Wanasayansi walizipa namba, halafu wakagundua kwamba baadhi ya walizozihesabu si vitamini, wakazifuta; ndiyo maana leo kuna B1, B2, B3, B5, B6, B7, B9 na B12, na namba nyingine zimeachwa wazi kama kurasa za wanachama waliojitoa katika daftari la chama. Niasini ni B3.

Kazi yake ni ya uchukuzi. Chakula tulacho huvunjwavunjwa mwilini ili kitoe nguvu, na nguvu hiyo haina budi kubebwa kutoka pale inapotolewa hadi pale inapotumika. Mwili hutengeneza mchukuzi wake kutokana na niasini, na mchukuzi huyo hushiriki katika shughuli zaidi ya 400 za mwili, pamoja na ile ya kukarabati chembechembe zilizoharibiwa na jua. Akipungua, zinazoumia kwanza ni sehemu zinazojijenga upya kila mara na zile zinazotumia nguvu nyingi. Ngozi iliyo wazi juani huwa nyekundu, halafu huwa nyeusi na kupasuka: mikono, miguu, uso, na shingoni alama huzunguka kama mkufu. Ngozi ya ndani ya utumbo nayo huharibika, hivyo mgonjwa huharisha. Ulimi huwa mwekundu na wenye kidonda, na chakula humshinda. Mwisho ubongo. Mgonjwa hukosa usingizi, huwa na hasira au huzuni isiyo na sababu, husahau, huchanganyikiwa. Asipotibiwa hufa.

Somo hilo lote, ngozi, utumbo na akili, lilikuwa mbele yangu asubuhi ile mezani pa mizani. Mimi nililisoma kuwa utovu wa adabu, utoro na uzembe.

Historia ya ugonjwa huu inapasa kusomwa na mwanaushirika, maana ni historia ya mahindi na ya madeni. Mahindi asili yake ni Amerika. Yalipopelekwa Ulaya na kuwa chakula cha maskini, maradhi mageni yakafuata nyuma. Mwaka 1735 daktari Gaspar Casal aliyaona kwa wakulima wa kaskazini ya Hispania, na mwaka 1771 daktari Francesco Frapolli wa Italia aliyaita kwa jina walilotumia wakulima wenyewe, pelagra, yaani ngozi kali. Kwa zaidi ya miaka mia moja waganga walibishana: wengine walisema ni mahindi yaliyooza, wengine ni mdudu wa maambukizo, wengine ni damu mbaya ya ukoo. Karibu na kwetu, daktari Hugh Stannus aliandika kati ya mwaka 1911 na 1913 juu ya pelagra katika Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, ambako aliiona miongoni mwa wafungwa wa Zomba.

Balaa kubwa lilikuwa katika majimbo ya kusini ya Marekani. Inakadiriwa kwamba tangu mwanzo wa karne ya 20 mpaka mwaka 1940 watu wapatao milioni 3 waliugua, na wapatao 100,000 walikufa. Mwaka 1914 serikali ya nchi hiyo ilimtuma daktari Joseph Goldberger kuchunguza. Alitembelea hospitali za wagonjwa wa akili na nyumba za kulelea yatima, akaona jambo ambalo wengine walikuwa wamelitazama bila kuliona: wagonjwa na yatima waliugua, lakini wauguzi na watumishi waliolala chini ya paa lile lile hawakuugua hata mmoja. Mdudu wa maambukizo hachagui mwenye mshahara. Tofauti ilikuwa sahanini. Aliagiza watoto wa nyumba mbili za yatima mjini Jackson, katika jimbo la Mississippi, wapewe maziwa, mayai, nyama na maharage, na pelagra ikatoweka humo.

Mwaka 1915 akafanya jambo la kinyume. Wafungwa wenye afya katika shamba la gereza la Rankin walijitolea, kwa ahadi ya kusamehewa kifungo, kula kwa miezi kadhaa chakula cha maskini wa kusini: unga wa mahindi, wali, viazi vitamu, sharubati ya miwa. Kati ya wafungwa 11 waliofika mwisho, 6 walipata pelagra. Wapinzani wake hawakutosheka, wakaendelea kudai kwamba ni maambukizo. Basi mwaka 1916 yeye na wenzake walijidunga damu ya wagonjwa na kumeza vidonge vilivyotengenezwa kwa magamba ya ngozi zao na uchafu wa matumbo yao. Mkewe, Mary, naye alikubali kudungwa damu hiyo. Hapana aliyeugua. Ningependa kila mjumbe wa bodi anayedai ushahidi zaidi akumbuke ushahidi wa namna hiyo.

Lakini kwa nini mkulima, mtu mwenye ardhi na jembe, akose chakula cha kumwezesha kuishi? Goldberger na wenzake walichunguza vijiji na kukuta jibu katika uchumi. Wakulima wengi wa kusini hawakuwa na mashamba yao wenyewe; walilima kwa kugawana mavuno na mwenye ardhi. Walilima pamba. Ilipandwa mpaka mlangoni, kwa sababu mwenye ardhi na mwenye duka walikubali pamba tu kuwa dhamana. Bustani ya mboga, ng'ombe wa maziwa na mabanda ya kuku yalihesabiwa kuwa ni kupoteza ardhi. Msimu mzima mkulima alikopa dukani unga wa mahindi, mafuta ya nguruwe na sharubati, na deni likamngojea wakati wa mavuno. Bei ya pamba ilipoanguka mwaka 1920, hata kile kidogo alichokuwa akinunua akashindwa kukinunua. Pelagra iliongezeka kila mwaka mwanzoni mwa majira ya joto, baada ya miezi ya akiba kuisha.

Goldberger alifariki mwaka 1929 kabla ya kujua ni kitu gani hasa kilichokosekana. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem wa Chuo Kikuu cha Wisconsin aliponya mbwa wenye ugonjwa unaofanana na pelagra kwa asidi ya nikotini, na mara hiyo hiyo watu nao wakaponywa. Ndugu zetu walimao tumbaku wasifurahi mapema. Asidi hiyo iliitwa hivyo kwa sababu wakemia wa karne ya 19 waliipata kwa kuibadilisha nikotini katika maabara. Uvutaji wa tumbaku haumpi mtu vitamini yoyote. Baadaye ikapewa jina jipya, niasini, ili watu wasidhani kwamba mkate ulioongezwa vitamini una tumbaku ndani yake.

Sasa tuje kwenye mahindi yenyewe, maana mtu aweza kuuliza: je, mahindi hayana niasini? Anazo. Ila sehemu kubwa imefungwa ndani ya punje kwa namna ambayo tumbo la binadamu haliwezi kuifungua, kama fedha iliyomo benki nawe huna kitabu. Tena mwili una njia ya pili ya kupata niasini: waweza kuitengeneza wenyewe kutokana na triptofani, ambayo ni sehemu mojawapo ya protini. Miligramu 60 za triptofani hutoa miligramu 1 ya niasini. Na hapa pia mahindi ni maskini, kwa sababu protini yake ina triptofani chache. Kwa hiyo alaye mahindi peke yake amefungiwa milango miwili kwa pamoja.

Wenyeji wa Mexico, waliokula mahindi kwa maelfu ya miaka, hawakuwa na pelagra. Wao huchemsha mahindi katika maji yenye chokaa au majivu, huyaacha yalale usiku kucha, huyaosha, ndipo husaga. Chokaa ile hufungua niasini iliyofungwa. Wazungu walichukua mbegu wakaacha maarifa ya wanawake waliozipika, na sisi Waafrika tuliletewa mbegu hiyo hiyo bila maelezo yake. Sishauri mtu aanze kumwaga chokaa ya kupakia nyumba katika chungu cha kande. Nataja jambo hili ili ieleweke kwamba kosa si la mahindi, bali ni la mahindi yaliyo peke yake.

Mwanamume mzima huhitaji niasini miligramu 16 kwa siku, mwanamke 14, na mwenye mimba 18. Tufanye hesabu kama tufanyavyo mizania ya chama. Nusu kilo ya unga wa dona, kwa triptofani yake, humpa mlaji miligramu 5 au 6 hivi. Ukiwa unga wa sembe iliyokobolewa, hupungua zaidi, kwa kuwa kiini na pumba vimekwenda kwa mifugo. Upungufu kwa mwanamume ni miligramu 10. Ongeza gramu 150 za maharage makavu, yaani kiasi cha mtu mmoja cha milo miwili mizuri: utapata miligramu 9 hivi. Ongeza konzi ya karanga ya gramu 30: miligramu 5. Mizania imekaa sawa, na imebaki ziada kidogo.

Kwa hesabu hiyo waweza kuona kwa nini pelagra ni ngeni katika nyanda hizi. Si kwamba tumejaliwa damu nyingine. Ni kwamba mama zetu na bibi zetu hawakupika ugali bila maharage, na dagaa wa Kigoma hupanda mlima mpaka kwenye magulio yetu. Dagaa mkavu, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, tena ana niasini yake mwenyewe isiyofungwa. Maziwa na mayai yana niasini chache mno, lakini triptofani yake ni nyingi, ndiyo maana yaliwaponya wale yatima. Muhogo haufungi niasini yake kama mahindi, ila karibu hauna protini. Nyumba inayokula ugali wa muhogo inahitaji maharage na samaki sawasawa na ile ya mahindi.

Nami niwape wakulima wa kahawa habari ambayo sikuitegemea. Buni mbichi ina kitu kiitwacho trigonelini, karibu sehemu moja katika mia. Buni inapokaangwa, sehemu ya kitu hicho hugeuka kuwa niasini, na kadiri ikaangwavyo kuwa nyeusi ndivyo iongezekavyo. Kikombe kimoja cha kahawa nzito hutoa miligramu 1 au zaidi kidogo. Kahawa si mlo na wala haiwezi kushika nafasi ya maharage. Lakini nimekagua vyama vya kahawa vingi, na katika vingi nimekaribishwa chai.

Yasidhaniwe kwamba mambo haya ni ya zamani. Mwaka 1990, nchini Malawi, watu wapatao 18,000 waliugua pelagra miongoni mwa wakimbizi kutoka Msumbiji. Mgawo wao ulikuwa wa mahindi hasa, na niasini yao ilitegemea karanga. Karanga zilipokosekana katika mgawo, miezi michache ilitosha. Wanawake waliugua zaidi sana kuliko wanaume. Habari hiyo inatugusa sisi wa Makere, maana kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996, imo katika eneo letu, na tumeona kwa macho yetu jinsi mlo wa maelfu ya watu unavyotegemea kwamba gari la kunde lifike pamoja na gari la unga. Gari moja likichelewa siku chache, watu hulalamika. Likichelewa miezi miwili, watu huugua. Mwili hauna ghala kubwa la niasini. Akiba yake huweza kwisha katika siku 50 au 60, nazo ni siku ambazo nyumba nyingi zetu hupitia kati ya maharage ya mwisho na maharage mapya.

Wako pia watu ambao hata mlo wa wastani hauwatoshi. Dawa ya isoniazidi, itumiwayo kutibu kifua kikuu, humzuia mgonjwa kutumia vitamini B6, na bila B6 mwili hauwezi kugeuza triptofani kuwa niasini. Ndiyo maana wagonjwa wa kifua kikuu mara nyingi hupewa vidonge vya B6 pamoja na dawa zao. Asiache dawa mtu yeyote kwa kusoma maneno haya! Kifua kikuu kisichotibiwa huua kwa hakika zaidi. Ale vizuri, ameze alivyopewa, na akiona dalili arudi kliniki. Wa pili ni mlevi wa kila siku, ambaye gongo imechukua nafasi ya chakula, na hata kile kidogo alacho utumbo wake haukifyonzi. Wa tatu ni wenye kuharisha kwa muda mrefu kwa sababu nyingine yoyote.

Tiba si ghali wala si ya miujiza. Hutumika vidonge vya nikotinamidi, ambayo ni niasini ya namna nyingine. Mtu mzima hupewa kwa kawaida miligramu 300 kwa siku, zikigawanywa katika vipindi, kwa muda wa wiki tatu au nne, pamoja na vitamini B nyingine, kwa sababu akosaye moja aghalabu hukosa na dada zake. Karani wetu alipata usingizi siku ya tatu. Kuharisha kulikoma ndani ya juma moja. Ngozi ilichukua zaidi ya mwezi. Vidonge hivi vitolewe na mganga. Niasini nyingi inayonunuliwa ovyo huchoma uso kwa wekundu na huweza kudhuru ini.

Kuhusu kilo zile 214, niliporudi mwezi Aprili nililinganisha kitabu cha mapokezi na stakabadhi moja moja, kazi ambayo ilinipasa kuifanya mwezi Februari. Hapakuwa na upotevu. Palikuwa na mistari iliyorukwa na majina yaliyorudiwa, na maharage yote yalikuwamo ghalani. Niliandika ripoti ya pili kufuta ya kwanza. Bodi iliipokea na kuisoma mkutanoni, lakini ilikwisha kuajiri karani mwingine, kijana asiye na kosa lolote, na nafasi ni moja. Mzee huyu leo analima. Mwaka huu amepanda karanga.

Baba yangu alikuwa na vijitabu viwili alivyovitunza katika sanduku: kimoja cha kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, na kingine cha Chakula ni Uhai ya mwaka 1975. Kwa kampeni hizo watu walikusanyika vijijini kuzunguka redio, wakasoma na kujadiliana, na vyama vingi vya watu wazima wenye mvi leo vinakumbuka. Mwaka huo wa 1973 ndio pia ilipoanzishwa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania. Sidhani kwamba vikao vya namna ile vimepitwa na wakati. Mkutano wetu wa wanachama hujadili bei kwa saa tatu. Nusu saa ya kujadili chakula haiwezi kuuchelewesha sana.

Kwa Makatibu ninayo machache ya kazi. Msimu wa kununua maharage, katibu au karani amwulize mwanachama analeta magunia mangapi na amebakiza mangapi. Sisemi chama kikatae mzigo. Mali ni yake, na ada ya shule haingoji. Lakini mwenye watu sita nyumbani, kila mmoja akila gramu 100 za maharage kwa siku, huhitaji kilo 18 kwa mwezi, na kilo 72 kwa miezi minne hadi mavuno mengine. Hesabu hiyo ibandikwe ukutani karibu na mizani ili kila mtu aifanye mwenyewe kabla ya kutia dole gumba. Vyama vyenye duka viweke dagaa na karanga katika miezi ya Oktoba mpaka Desemba, hata kama faida yake ni ndogo kuliko ya soda. Vyama vyenye mashine visikobolee mahindi ya mtu aliyeomba dona kwa sababu tu kinu cha kukobolea ndicho kilichowashwa. Nimeona jambo hilo likifanyika, na mwanachama akatozwa mara mbili.

Na katibu atakayemwona mwanachama au mtumishi mwenye mikono myeusi iliyopasuka pande zote mbili sawasawa, alama ya mkufu shingoni, tumbo la kuharisha na akili isiyotulia, asimwandikie barua ya onyo. Amwandikie barua ya kwenda zahanati, na ndani yake ataje chakula anachokula mtu huyo, kwa muda gani, na dawa anazotumia.